Kengele kwa Nyani, Ubao kwa Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia puani. Na wazazi waitike, maana hadithi yenyewe inawahusu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule kando ya mto. Mwalimu Kobe alifundisha watoto kusoma nyayo. Huyu rafiki, msalimie. Huyu adui, kimbia. Mwaka mmoja mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Mto ukafurika, fwaa! Ukuta wa shule ukaanguka, pu! Mwalimu Kobe akabaki ng'ambo, na shule ikafungwa.

Bi Digidigi aliposikia, aliogopa sana. Mtoto wake wa kwanza alikamatwa na Chui kabla hajajua nyayo. Sasa alibaki na Tindi tu, na Tindi ndiyo kwanza alikuwa anaanza masomo. Kiangazi kikija, watoto wataenda wenyewe mtoni kunywa. Na Chui naye hunywa maji hayo hayo.

Basi kamati ya shule ikakutana. Kamati haishindwi kukutana. Mwenyekiti alikuwa Bwana Ngiri, mkia wima. Wakala, wakanywa, wakala tena. Kisha wakaamua: elimu isipotee. Kila mzazi abebe kifaa cha shule, akakitunze nyumbani kwake. Akili nyingi hizo, jamani.

Nyani akabeba kengele. Nungunungu akabeba kiti cha mwalimu. Ngiri akabeba ubao. Bi Digidigi, na vijiguu vyake, akafika mwisho.

"Mwenyekiti, na mimi nipe chochote. Nina mtoto."

"Umechelewa, mama. Elimu yote imeshagawiwa."

"Hata kipande cha chaki?"

"Chaki ameila Panya."

Akarudi nyumbani analia. Tindi akamwuliza, "Mama, unalia nini?"

"Sikupata kitu, mwanangu. Utasoma na nini?"

Tindi alikuwa ameinama kwenye tope. "Mama, hapa kapita nani?"

Bi Digidigi akatazama. Akafuta machozi. "Kanga huyo. Kapita na vifaranga."

"Na hapa?"

Ndivyo walivyoanza. Asubuhi wakienda kula, mama anauliza, "Nani kapita? Kaenda wapi? Kapita lini?" Jioni wakirudi, mtoto anauliza, "Nani kapita? Kaenda wapi? Kapita lini?" Asilolijua mama, alikwenda ukingoni akapaza sauti. "Mwalimu eee! Fisi na Chui nitawatofautishaje?" Naye Kobe akajibu toka ng'ambo, pole pole kama kawaida yake: "Fisi huacha alama za kucha. Chui huzificha."

Na wale wenye vifaa? Walisoma sana. Nyani alipiga kengele, ngeleng'eng'e! Watoto wakatoka mbio, wakapanga mstari. Halafu? Halafu hakuna. Akapiga tena, wakarudi kulala. Nungunungu alikikalia kiti mpaka miiba yake ikakitoboa. Ngiri aliufanya ubao mlango wa shimo lake, na watoto wake wakakaa kuutazama mpaka wakasinzia. "Wanasoma hao," aliwaambia wageni, "msiwasumbue."

Kiangazi kikaja. Watoto wakashuka mtoni, mtoto wa Ngiri mbele, kifua nje.

"Simameni," akasema Tindi. "Nani kapita hapa?"

"Fisi tu huyo," akasema mtoto wa Ngiri. "Twende, nina kiu."

"Fisi huacha kucha. Huyu hana. Na maji bado yanajaa ndani ya unyayo. Kapita sasa hivi."

Majani yakatikisika, chwa, chwa. Watoto wakatimka, puru puru puru! Chui akaruka, akaambulia matope.

Wazazi wote wakaja mbio kwa Bi Digidigi. Mnadhani kushukuru? Thubutu. Walikuja kupekua. Wakafunua majani, wakachungulia kichakani.

"Bi Digidigi," akasema Ngiri, "kumbe ulituficha. Ulichukua kifaa gani pale shuleni?"

Tindi akajibu. "Nyinyi mlichukua kengele. Mkachukua kiti, mkachukua ubao. Mama alinichukua mimi."

Ngiri akakohoa. Akaanza kusema habari za kuunda kamati ndogo. Mtoto wake akamvuta sikio, akamwonyesha chini.

"Baba, hapa kapita nani?"

Ngiri akatazama. Akatazama tena. Mkia ukashuka.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Twende ukingoni tukamwulize Mwalimu."

Basi, wazazi wangu wenye akili nyingi: mlango wa shule ukifungwa, mtoto hajafungwa. Kaa naye, mwulize, mjibu. Usilolijua, ulizia. Hadithi yangu imekomea hapo mtoni. Anayebisha, atangulie yeye kwenda kunywa.