Msimamizi Ni Nani Kama Si Mimi

Kulikuwa na mkuu wa shule mmoja, shule ya sekondari yenye kompyuta moja tu inayofanya kazi. Msiniulize ni shule gani. Ndani ya kompyuta ile yalikuwamo majina ya wanafunzi sitini na mmoja wa kidato cha nne, pamoja na picha zao, yakisubiri kutumwa kwenye usajili wa mtihani. Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Ambaye jina lake halijafika, mtihani hafanyi mwaka huo, hata alie vipi.

Alhamisi mkuu akataka kuingiza video ya mahafali, ile anayoonekana yeye akihutubia. Mashine ikamwambia imejaa. Akaanza kupekua apunguze nini, akakuta mafaili mengi yenye majina asiyoyaelewa. Hakuyaandika yeye, wala karani wake. Akaona ni takataka, akabonyeza kufuta. Kompyuta ikakataa, ikaandika kwamba hayo ni mafaili ya mfumo, yamelindwa, huna ruhusa, wasiliana na msimamizi.

Jamani, mtu alikasirika. Akamwita mwalimu wa fizikia, maana ndiye aliyeitengeneza mashine ile na ndiye peke yake aliyejua neno la siri la msimamizi.

"Mwalimu, hapa naambiwa niwasiliane na msimamizi. Msimamizi wa shule hii ni nani kama si mimi?"

Mwalimu akaeleza, huku akijikuna shingo, kwamba kwenye kompyuta msimamizi si cheo. Ni mlango wa kuingilia wakati wa matengenezo tu, na hata yeye kazi za kila siku hazifanyii humo, kwa sababu mkono huteleza. Mafaili yale ndiyo yanayoiwezesha mashine kuwaka. Alieleza vizuri tu. Mkuu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yamelindwa nisiyaguse mimi? Ofisini kwangu?"

Hapo mwalimu alitakiwa aseme nini? Neno moja lilitosha. Lakini alikuwa anangoja kupandishwa daraja, na fomu yake ilihitaji saini ya mkuu. Akachukua karatasi, akaandika neno la siri, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kwa adabu kabisa. Akarudi darasani.

Mkuu akaingia kwa neno lile, akabonyeza kufuta. Mashine ikamuuliza, una uhakika? Ndiyo. Ikamuuliza tena. Ndiyo. Video ikaingia bila shida. Ijumaa asubuhi karani akawasha kompyuta, kioo kikabaki cheusi.

Wakaipakia kwenye gari, wakaikimbiza mjini. Fundi wa huko akayatoa majina yote sitini na moja, hata moja halikupotea. Aliyatoa Jumanne.

Wazazi wakaitwa. Mama mmoja, ambaye binti yake alisharudia darasa na sasa atangoja mwaka mwingine, akasimama akauliza ni nani kafanya haya. Mwalimu wa fizikia akawahi kumwonyesha mkuu kwa kidole. Mnajua mkuu alimjibu nini?

"Ni kweli, nilifuta mimi. Lakini mimi sikujua. Wewe ulijua."

Tangu nianze mnamcheka mkuu, nawaona. Mimi hasira yangu haiko kwake. Asiyejua hufundishwa. Huyu aliyejua, akaeleza vizuri, kisha akatoa, tumfanyeje? Na huyo ni nani kama si sisi? Sisi tulijua dereva wa gari la kwaya anakunywa, tukampa ufunguo kwa kuwa ni shemeji wa mtu mkubwa. Sisi tulijua yule bwana anampiga mkewe, tukamweka afundishe maharusi. Mimi mwenyewe nilikuwapo kwenye kikao, nikatazama saa. Halafu tunajiita watu wenye heshima. Heshima gani? Ule ni woga, basi. Mungu hatatuuliza tulimwinamia nani. Atatuuliza tulikuwa tunajua nini.

Baada ya ibada hii tunachagua wazee wa kanisa. Majina manne yako mezani. Kuhusu mmoja wao mmekuja nyumbani kwangu, mmoja baada ya mwingine, kuninong'oneza. Sasa nitalisoma jina lake hapa mbele, yeye mwenyewe akiwa ameketi humu humu, kisha nitanyamaza dakika nzima.

Semeni.