Mmea Uliotundikwa kwa Mnyororo wa Dhahabu

Katika mji wa Raudhati alitawala Sultani Dahmani, mwenye majumba na majeshi na hazina, na juu ya hayo yote alikuwa na binti mmoja tu, Shemsa, naye ndiye roho yake. Siku alipozaliwa, jini mmoja aliyewahi kutendewa wema na Sultani alileta mmea utambaao, wenye majani ya zambarau na mishipa ya fedha na maua madogo mekundu, akasema, "Ewe Maulana, uhai wa binti yako umo humu. Mmea ukistawi, naye atastawi."

Sultani kwa kuogopa akautundika darini kwa mnyororo wa dhahabu, na kila kitawi kilichokaribia sakafu kikakatwa, kisije kikachafuka. Tusimlaumu sana, mzazi akiogopa hufanya hata yasiyo na akili. Miaka ishirini mkasi ulifanya kazi, na Shemsa akanyong'onyea hata asiweze kuvuka ua bila kushikiliwa na wajakazi.

Mkasi huo sasa alikuwa nao Sarhani, mtunza bustani, aliyempenda Shemsa kimya kimya, na kila alipokata alimwona binti akishika kifua. Asubuhi moja akauweka chini.

"Leo hukati?" Shemsa akauliza.

"Bibi, mmea wa namna hii ukigusa udongo haufi, hutoa mizizi. Nadhani sisi ndio tunaokuua."

"Na ukiwa umekosea?"

"Basi sitataka kuishi baada yako."

"Lete udongo," Shemsa akasema.

Wakakilaza kitawi kirefu juu ya sinia la udongo. Sultani alipoingia akaona, alichomoa upanga, na Shemsa akasimama mbele ya Sarhani.

"Baba, nipe siku saba. Nimechoka kutundikwa."

Maneno hayo yalimchoma Sultani, akaurudisha upanga alani.

Siku sita Sarhani hakubanduka kando ya sinia. Siku ya saba Shemsa alivuka ua peke yake, baba yake akimfuata nyuma asiamini macho yake, wakamkuta kijana kando ya sinia, na kitawi kimeshika udongo hata hakivutiki. Hapo jini akatokea, uso umemkunjamana.

"Maulana, nilisema ustawi. Nani alikwambia ukate?"

"Niliogopa," akajibu Sultani, akalia mbele ya watumishi wake bila kuona haya.

Mnyororo ule alipewa Sarhani, akautoa mahari, wakaoana kwa karamu ya siku nyingi. Mmea ukashushwa bustanini ukatambaa hadi ng'ambo ya ukuta, na watu wa mji wakapanda vitawi vyake vibarazani mwao. Nawe unayesikiliza, kama kuna umpendaye umemtundika juu kwa kumhofia, mshushe leo. Langu nimelitua hapo.