Mgongo Ukutani

Mtu mmoja alikuwa na dada, na dada huyo ndiye aliyekuwa mama yake. Mtu huyo aliitwa Mhina. Mama mzazi alifariki Mhina akiwa hajaacha ziwa, na dada yake Mwajabu, ambaye naye alikuwa bado msichana, akamfunga mgongoni kwa kanga. Alilima naye mgongoni, akateka maji naye mgongoni, akatwanga naye mgongoni. Mtoto akakua akiujua mgongo ule kuliko uso wa mtu yeyote.

Mhina alipokuwa mtu mzima alikwenda nchi za mbali kusomea sanaa, akasifiwa huko mpaka sifa zikamchosha. Lakini mcheza kwao hutunzwa, nanyi mnajua. Akarudi, akajenga nyumba ndogo ya makumbusho ya sanaa ya kisasa katika mji ulio chini ya mlima, mwendo wa asubuhi moja kutoka kijijini kwao. Ilikuwa na vyumba vichache tu. Katika chumba cha ndani kabisa, ukuta mzima, akaweka kazi iliyomhangaisha kuliko zote: mgongo wa mwanamke, umeundwa kwa mbao zilizochomwa na udongo mwekundu wa kwao. Hauna uso. Ni kisogo, mabega, na mgongo ulioinama kidogo kwa uzito wa kitu kisichoonekana.

Nyumba yote aliijenga kwa ajili ya ukuta ule, na ukuta ule kwa ajili ya mtu mmoja. Nani amewahi kuuona mgongo wake mwenyewe? Mhina alitamani dada yake asimame pale, aone kile ambacho yeye alikitazama miaka yote ya utoto wake na mwenye mgongo hakukiona hata siku moja. Alikitamani hicho mpaka usingizini.

Lakini hakumwalika. Alipeleka habari tu kijijini kwamba nyumba imefunguliwa, mlango uko wazi kwa wote, na hakuna kiingilio. Moyoni alisema: akinipenda atakuja mwenyewe, aliyeitwa haji kutazama, huja kutii. Akaapa hatakanyaga kijijini mpaka ajiwe yeye kwanza. Kiburi cha mapenzi hicho, ndugu zangu, na hakuna kiburi chenye njaa kama hicho. Tena huko alikosomea alifundishwa kwamba kazi za sanaa hujisemea zenyewe. Basi akamwagiza bawabu wake, mtu mtiifu aitwaye Kihiyo, aketi nyuma ya ukuta wa mlangoni na asimsemeshe mtu. Anayekuja na aingie, atazame, atoke.

Watu wakaja. Loo, kila mtu na lake! Mtalii mmoja alisimama mbele ya mgongo ule mpaka machozi yakamtiririka. Mwalimu mmoja wa mjini alizunguka mbio mbio, akasema, "Yaani nimetoka kwangu na jua lote hili kuja kuoneshwa mbao zilizoungua?" Bibi harusi na wapambe wake walipiga picha, wakaupa mgongo ule migongo yao, wakaenda zao wakicheka. Mama mmoja aliyetoka mbali alikasirika kweli: "Huyu mwanamke kawanunia nini wageni? Si ageuke!" Wengine walisifu choo kwamba ni kisafi. Mwingine alisema pazuri mno, atarudi na wanawe, na hakurudi.

Mhina aliyapokea yote, matamu na machungu, na hakuna lililomshibisha. Kila alipoona kanga kwa mbali barabarani moyo ulimruka, kisha ukashuka. Kila jioni alimwuliza Kihiyo, "Wa kwetu wamekuja?" Na Kihiyo, ambaye hakuwa mwongo, alijibu, "Hakuna aliyeingia, bwana." Mhina akafunga mlango. Mwanzoni alikuwa na hamu. Baadaye akawa na kinyongo, akawa akisema kwamba watu wa kwao ni washamba, hawajui sanaa, na dada yake amemsahau. Kisha kinyongo nacho kikachoka, ikabaki hamu peke yake, hamu ya mtoto anayetaka kubebwa.

Ikafika siku akashindwa. Akapiga moyo konde, akapanda mlima, lawama zote amezipanga kichwani. Alipofika uani kwa dada yake akaita, "Hodi!" Kabla neno halijaisha, sauti ikatoka jikoni: "Karibu! Karibu ndani, karibu!" Wala haikuuliza ni nani. Alimkuta Mwajabu kwenye kigoda, amezeeka, anachambua mchicha kwa kupapasa. Shikamoo na lawama vilimtoka Mhina kwa pamoja. "Dada, muda wote huu, hata siku moja hukuweza kuja kwangu?"

Mwajabu aligeuza uso kuelekea sauti ilikotokea.

"Nilikuja, mdogo wangu," akasema. "Nilivaa doti yangu mpya, nikasimama mlangoni pako, nikapiga hodi mara tatu kama tulivyolelewa, na nyumba yako haikuniitikia."

Wala hakuja mara moja tu. Na hakuwa peke yake: mkunga alikuja, fundi cherehani alikuja na mkewe, vijana wa msikitini walikuja siku ya sikukuu. Kila mmoja alisimama penye mlango ule ulio wazi, akabisha, akangoja, hakusikia kitu, akageuka. Wageni wa mbali waliingia kwa sababu hawakujua kubisha. Walio wake walirudi kwa sababu ya adabu zao, wakaamini kwamba nyumba ile haikujengwa kwa ajili yao. Mlango kuwa wazi si kukaribishwa. Penye mlango wazi hata mbuzi huingia. Na Kihiyo, aliyeagizwa asimsemeshe mtu, hakusema uongo: hakuna aliyeingia.

Ndipo Mhina alipotambua kwamba dada yake anamtazama begani, si usoni. Macho yalikuwa yamekufa, jicho moja kwanza, kisha la pili, na hospitali walimwambia amechelewa. Siku zile alipokuja mlangoni na doti yake mpya alikuwa bado anaona mpaka ng'ambo ya bonde. Sasa aliujua mchana na usiku, basi. Mhina alianguka pale chini akalia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake. Akamsihi washuke pamoja siku ileile, yeye mwenyewe atamshika mkono, yeye mwenyewe atamkaribisha. Mwajabu akacheka kidogo, akamwuliza akishuka ataona nini.

Kisha akasema, "Hebu niambie wewe. Umeweka nini humo ndani?"

Basi mtu yule aliyetaka kazi zake zijisemee zenyewe akaketi karibu na mafiga, akaanza kusema kwa kinywa chake. Alieleza mbao, akaeleza udongo, akaeleza mabega. Alitafuta maneno ya mgongo ule, mengine akayapata na mengine hakuyapata, na yale aliyoyapata hayakutosha. Dada yake alisikiliza, mikono imesimama juu ya mchicha. Mhina alipofika mwisho, dada akamwomba aanze upya, maana pale mwanzo hakuelewa ni mgongo wa nani.

Nanyi mnaolia kwamba wenu hawaji, kwamba mlango mmeuacha wazi na bado hawaingii: siku waliposimama nje wakabisha, ni nani kati yenu aliyesema karibu?