Basi Halihiji

Basi hufika kote, halihiji popote. Mlimsikia babu yenu akimwambia Mwadime maneno hayo juzi, aliporudi kutoka ziara ya shule, akatutajia kila mahali walikopita, kisha akashindwa kutueleza hata jambo moja aliloliona huko. Mlimcheka, halafu mkanifuata jikoni kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni basi. Methali hiyo ilianza hivi.

Palikuwa na mama mmoja huku kwetu Wundanyi, jina lake Mkamburi, mwenyekiti wa umoja wa akina mama wa kanisa. Alikuwa mtu mwema, tena mchapakazi, ila hakujua kukaa. Akikaribishwa chai, aliinywa amesimama. Akienda kumtazama mgonjwa, alifagia chumba, akachota maji, akaosha vyombo, akaomba kwa maneno machache, akaondoka. Mgonjwa alibaki na nyumba safi na hamu ya kuzungumza na mtu.

Mkamburi alikuwa na binti aliyeitwa Wakesho. Mwaka huo, mwezi wa pili, Wakesho alijifungua kwa upasuaji katika hospitali ya mbali. Alipata mtoto wa kike, na kwa desturi yetu mtoto akapewa jina la bibi yake, akaitwa Mkamburi. Aliishi siku sita. Wakesho alikuwa bado kitandani, mshono haujapona, hawezi hata kuinuka. Mama yake akaona ni huruma kumwepusha na uchungu wa mazishi. Akamchukua mtoto, akampeleka nyumbani, na asubuhi ya pili yake wakamzika. Wakesho aliporuhusiwa kutoka hospitalini, alikuta nguo zote ndogo zimefuliwa na kugawiwa. Kaburi alionyeshwa kwa kidole kutoka mlangoni, kule nyuma ya migomba. Hakwenda.

Tangu siku hiyo alimjibu mama yake kwa “ndiyo” na “hapana” tu. Jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani mwao. Wala si ajabu, maana kulitaja ilikuwa ni kumtaja bibi, na bibi alikuwa hapo hapo akifua, akipika, akifagia.

Mwezi wa saba akina mama wakapanga ziara ya siku moja Mombasa, kuziona sehemu za kale za kanisa. Mkamburi alisoma ratiba mbele ya watu: kanisa kuu la mjini, kanisa la Rabai na nyumba ya wamisionari, kanisa la Frere Town, kaburi la Nyali, na mwisho kengele ya Kengeleni, ile iliyokuwa ikigongwa kuwaonya watu waliookolewa utumwani kwamba adui anakuja. Ibada ilipokwisha, Wakesho alimfuata mama yake mlangoni.

“Niandike na mimi,” akasema. “Nataka kufika kwenye kaburi la yule mama na mtoto wake.”

Ndiyo maneno mengi zaidi aliyomwambia mama yake kwa miezi mitano. Mkamburi alifurahi, na papo hapo akaogopa. Alijua kaburi hilo ni la nani. Ni la mke wa Krapf, mmisionari wa zamani, aliyefariki kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na kichanga chake kikamfuata. Akamwona binti yake, katika mawazo, ameanguka pale mbele ya watu, asiweze kuinuliwa. Basi usiku ule alichukua kalamu. Vituo vingine vilikuwa na nusu saa au saa nzima. Kaburi alilitengea dakika kumi.

Walilala Mombasa Ijumaa, na Jumamosi saa moja asubuhi basi likaondoka. Dereva alikuwa Mzee Shekue, Mswahili wa Mji wa Kale, Mwislamu mwenye kofia safi na maneno machache. Kila kituo alishuka wa kwanza, akaweka kigoda chini ya mlango ili akina mama wenye magoti mabovu wakanyage. Hakuombwa na mtu. Kiongozi wao alikuwa Bi Mbeyu, mwalimu mstaafu wa Rabai, aliyejua historia yote kwa moyo. Mkamburi yeye alikaa mbele na ratiba mapajani, saa mkononi, na filimbi shingoni.

Katika kanisa kuu Bi Mbeyu alikuwa bado anaeleza madirisha filimbi ilipolia. Huko Rabai walikuta hewa nzuri ya juu ya kilima, na Bi Mbeyu akawaonyesha kanisa lenyewe, akaanza kusimulia jinsi watu walivyotoka mbali kuja kujifunza kusoma. Mama Righa, ambaye ndiye aliyekuwa mcheshi wao, alikuwa amevua viatu na kukaa ukutani. Filimbi ikalia.

“Mwenyekiti,” akasema Mama Righa, “hata wana wa Israeli jangwani walipumzika.”

“Walipumzika, ndiyo maana walichukua miaka arobaini,” akajibu Mkamburi. “Vaa viatu.”

Wakacheka, wakapanda. Wakesho alikuwa amekaa dirishani, upande wa jua. Bi Mbeyu alipoliona hilo alibadilishana naye kiti bila kusema lolote, akaketi yeye juani. Mkamburi aliliona jambo hilo kwa kioo cha dereva, akataka kumshukuru, lakini wakati huo huo akawa anahesabu watu.

Kurudi mjini walikuta malori yamejaza barabara. Mkamburi aliinuka, akaketi, akainuka tena. Aliuliza saa ngapi, ilhali saa alikuwa nayo mkononi. Walipotoka kanisa la Frere Town ilikuwa imepita saa kumi, na mpiga picha alikuwa akiwangoja Kengeleni. Picha hiyo ndiyo ingetiwa kwenye kalenda ya kanisa, na mwanga wa jua haungojei mtu.

“Mzee Shekue,” akasema Mkamburi kwa sauti ya chini, “kaburini tupite tu. Punguza mwendo kidogo watu waone dirishani, halafu tuelekee kwenye kengele.”

Wakesho alikuwa viti viwili nyuma. Alisikia. Aligeuza uso akautazama ukuta wa basi.

Mzee Shekue naye alimwona kwenye kioo. “Haya, mamangu,” akajibu, akaendesha. Lakini alipofika kaburini hakupunguza mwendo. Alisimamisha basi kabisa, akashuka, akaweka kigoda chake mlangoni.

“Nilisema tupite,” akasema Mkamburi.

“Naam, ulisema. Lakini injini imepata moto, lazima nitazame maji,” akasema Mzee Shekue, akafungua boneti na kuinamia humo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wakashuka. Ni mahali padogo pa kimya, karibu na mkono wa bahari, majumba makubwa yamepazunguka. Bi Mbeyu hakusema mengi. Aliwaambia kwamba yule mama alikuwa mbali na kwao, kwamba mtoto aliishi siku chache tu, na kwamba baba yake, mgonjwa wa homa hiyo hiyo, ndiye aliyebaki kuwazika. Wakesho alikwenda akaketi chini kwenye nyasi, karibu na kaburi, miguu ameikunja kando kama mtu aliyefika matangani.

Dakika tano zikapita. Filimbi ikalia. Akina mama wakaanza kurudi garini taratibu. Wakesho hakuinuka. Filimbi ikalia tena. Mkamburi akamwendea kwa hatua za haraka.

“Haya, tumefika, tumeona. Simama, mwanangu, twende.”

Wakesho hakumwangalia.

“Wakesho, tumeshafika. Ulitaka kufika, nimekufikisha. Watu wanangoja.”

Mzee Shekue alikuwa anafunga boneti. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema kwa upole, kama mtu anayezungumza na gari lake:

“Mamangu, nisamehe, mimi si wa dini yenu. Lakini ikiwa habari ni kufika, basi langu hili limefika hapa kuliko nyote. Kila mwezi nalileta. Rabai limefika, kanisani limefika, kwenye kengele limefika. Na halijahiji hata siku moja. Basi hufika kote, halihiji popote.”

Mama Righa alianza kucheka, kisha akajizuia alipouona uso wa mwenyekiti wake. Mzee Shekue aliingia garini, akazima injini, akaketi na kufumba macho.

Ndipo Wakesho akasema, “Mkamburi.”

Mama yake alishtuka. Tangu lini mtoto akamwita mama yake kwa jina, tena mbele ya watu? “Unaniita mimi hivyo?” akauliza.

“Sikukuita wewe, mama.”

Mkamburi alisimama pale na filimbi mkononi. Ilimchukua kitambo kuelewa ni Mkamburi yupi aliyeitwa. Alipoelewa, aliketi kwenye nyasi. Watu waliokuwepo walisema hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona amekaa chini bila kazi mikononi.

“Ulimzika asubuhi,” akasema Wakesho, “na mchana nguo zake zilikuwa kwenye kamba. Walinieleza majirani. Wewe hukunieleza kitu. Mimi sijui hata alizikwa na nini.”

“Na ile shali ya kijani,” akasema Mkamburi. “Niliyokufumia wewe ulipozaliwa.”

“Nilidhani umeigawa.”

“Ningeigawaje?” Akaendelea taratibu, kama mtu anayetembea gizani kwa kupapasa. “Palikuwa na manyunyu. Baba yako alichimba mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Na Mzee Ngele, yule tuliyegombana naye kwa ajili ya mpaka, hata salamu hatupeani, alikuja amekata majani mabichi ya mgomba. Hakutuambia neno. Aliingia shimoni na miaka yake yote ile, akayatandika, ili shali isiguse udongo wenye maji. Kisha akatoka, akaenda zake. Sijamshukuru mpaka leo.”

Wakesho alikuwa amemgeukia sasa.

“Nilimshika mimi mpaka mwisho,” akasema Mkamburi. “Alikuwa mwepesi, kama kibaba cha unga. Nikajiambia, nikikaa hapa dakika moja zaidi sitainuka tena, na wewe uko hospitalini unanihitaji. Nikaenda kufua. Nguo zenyewe zilikuwa safi. Nilizifua mara mbili.”

“Alikuwa na pua ya nani?” akauliza Wakesho. “Mimi sikuiona. Siku zote sita walikuwa wamemwekea mipira puani.”

“Pua yako. Hii hii.” Mkamburi akanyoosha kidole, akaigusa. “Masikio ya kwao baba yake, makubwa kidogo.”

Wakesho akacheka kidogo, na kicheko hicho kikageuka kilio. Akalia kwa sauti, yeye na mama yake, wameegemeana, pale kwenye kaburi la watu wasiowajua. Hakuna aliyewainua. Akina mama wakashuka tena garini mmoja mmoja, wakaja kuketi kwenye nyasi kuwazunguka. Bi Mbeyu aliwafunika mabega kwa leso yake. Simu ya Mkamburi ikaita kutoka kwenye mkoba wake, naye hakuigusa. Mama Righa ndiye aliyeitoa.

“Ni yule mpiga picha,” akamwambia. “Anasema jua linazama.”

Mkamburi hakumwachia binti yake. Mama Righa akamjibu mwenyewe kule kwenye simu: “Baba, nenda nyumbani ukapumzike. Kengele imekaa pale miaka zaidi ya mia, haitakimbia leo.”

Hawakufika Kengeleni siku hiyo. Kalenda ya mwaka uliofuata ilitoka na picha ya kwaya.

Waliporudi Wundanyi, Jumatatu asubuhi Mkamburi alipita kwanza kwa Mzee Ngele. Alikaa huko mpaka chai ikapoa. Mchana akaenda na Wakesho nyuma ya migomba, wawili tu. Wakang'oa majani kuzunguka kaburi, kisha wakaketi. Wakesho aliuliza yote aliyotaka kuuliza, mengine mara mbili, na mama yake akamjibu. Mawingu yalipoanza kushuka kutoka juu ya mlima, Wakesho alisimama akakung'uta nguo.

“Mama, twende, mvua inakuja.”

“Ngoja kidogo,” akasema Mkamburi.

Wakesho akarudi akaketi.

Akina mama waliokuwa katika safari ile ndio walioyaeneza maneno ya Mzee Shekue. Mtu akisoma sala mbio mbio ili awahi jikoni, wenzake walimwambia. Mtu akienda matangani, akatia sahihi kwenye daftari na kuondoka, walimwambia. Mkamburi mwenyewe, akiingia kwa mgonjwa na kuutafuta ufagio kwa macho, ilimtosha kumsikia Mama Righa akikohoa mlangoni, naye akavuta kiti. Basi hufika kote, halihiji popote.