Moshi wa Tanuri na Upande wa Machweo

Paukwa!

Pakawa.

Hee, nyinyi mmekula kweli? Itikieni kwa tumbo. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walichoka kulala vichakani, wakasema, "Tujenge mji." Wakachimba tanuri la kuchomea matofali katikati ya uwanda. Kabla ya kuliwasha, wakaitana wagawane viwanja.

Desturi yao ilikuwa hii: mama mwenye mtoto mchanga ndiye huchagua kwanza, na wanyonge wenzake humfuata. Mama huyo alikuwa Bi Digidigi, na mwanawe akiitwa Mashavu.

Sasa Mbweha, msimamizi wa viwanja, alikuwa na pua. Tangu alfajiri alishanusa, akajua upepo wa nchi ile hutoka macheo kwenda machweo, kiangazi na masika. Je, alisema? Thubutu! Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

"Shemeji," akamwambia Digidigi, "ningekuwa wewe ningechukua machweo. Tazama majani yalivyo mororo."

Digidigi akatazama. Majani yalikuwa mororo kweli. Akashukuru, akachagua machweo. Sungura akamfuata, Kanga akamfuata, Kobe akamfuata. Mbweha, Simba na Nyati wakashika macheo.

Moto ukawashwa. Moshi ukainuka, ukainama, ukaenda machweo. Ukaingia chunguni, ukaingia kitandani, ukaingia kifuani mwa Mashavu. Mtoto akaanza kukohoa. Koho, koho.

Digidigi akaenda kwa Mbweha. "Shemeji, moshi unaniulia mtoto. Lihamisheni tanuri."

"Pole, shemeji," akajibu Mbweha. "Lakini si ulichagua mwenyewe?"

Akarudi. Koho, koho. Huku machweo kila aliyeweza alikuwa anahama. Sungura akahamia macheo, Kanga akahamia macheo, hata Kenge aliyekuwa mganga akabeba mkoba wake akahamia macheo. Nyumba zao zikabaki magofu.

Digidigi akaenda tena. "Basi nipeni pembe ya ua tu, niuguze mwanangu."

"Huku kumejaa," akasema Mbweha. "Na nyinyi wa machweo mna masizi, mtatuchafulia kuta. Si ulichagua mwenyewe?"

Akarudi. Koho, koho, usiku na mchana. Mara ya tatu hakwenda kwa Mbweha, alikwenda kwa Kenge mganga.

"Dawa ninayo," akasema Kenge, "ila huko kwenu siji. Moshi ule utaniua. Mlete mtoto hapa."

Digidigi akakimbia, maskini, miguu ile myembamba kama vijiti. Alipofika mlangoni akasikiliza. Hakukuwa na koho. Akaingia, akamgusa Mashavu, akamkuta amekwisha kupoa.

Alilia mpaka machozi yakashikana na masizi.

Basi mji ukaisha kujengwa, tanuri likazimwa. Upepo wa machweo ukawa safi kama wa macheo. Mnadhani waliohama walirudi? Nani arudi kwenye magofu? Watoto wa macheo, ambao moshi wenyewe hawakuuona, wakawa wanasema, "Machweo ni kwa wachafu." Na watoto wa machweo, hili ndilo linaloniuma, wakasadiki.

Hata Digidigi alisadiki. Alipoulizwa mwanawe kafa na nini, alijibu, "Nilichagua mwenyewe." Akawa ananawa uso asubuhi na jioni, lakini masizi hayakutoka. Mtazameni digidigi hata leo, ana alama nyeusi chini ya jicho.

Funzo lake, wanangu: ukimwona jirani kwenye shida usiseme kajitakia, uliza kwanza nani alijua upepo unakoelekea, akanyamaza. Moshi huisha, masizi hubaki.

Ngano yangu naifukia hapa jivuni. Mwenye pumzi aje aipulize.