Ndege Wekundu wa Darul-Shifaa

Imetufikia kutoka kwa waliotutangulia, na Mola ndiye ajuaye zaidi ya siri na ya dhahiri, ya kwamba katika mji wa Tarimbari, mji wa minara ya shaba na bustani za makomamanga, alitawala sultani aitwaye Mansabu bin Ghalibu, mwenye majeshi na hazina, na mama yake sultani huyo, kabla ya kufariki kwake, alikuwa amejenga nyumba kubwa ya tiba, akaiita Darul-Shifaa, na akaiwekea wakfu ili kila mgonjwa, tajiri na fukara, atibiwe humo bila ya malipo.

Lakini ikawa wanawake waendao kujifungua katika nyumba ile wanakufa kwa kutokwa na damu, leo huyu na kesho yule, hata mji ukanong'ona kwamba mna jini mke anywaye damu za wazazi, na waume wakawazuia wake zao wasiende. Sultani akaghadhibika, akaamuru kwamba ukiandama mwezi wa Shaabani milango ya nyumba ile ipigwe misumari, na mkuu wa wakunga, Siti Salha binti Yakubu, afukuzwe mjini, kwa kuwa ndiye aliyekabidhiwa roho zile zikampotea.

Naye sultani alikuwa na mwana jina lake Ghaithi, kijana mpole wa maneno, na ndugu yake wa ziwa, binti wa mwanamke aliyemnyonyesha, alikuwa ameingia mlango ule akicheka na akatolewa amefunikwa shuka. Ghaithi alijaa huzuni, na habari ya jini haikumwingia akilini, basi akamwomba baba yake ruhusa ya kwenda kutazama kabla milango haijafungwa, na sultani kwa kumhurumia akampa.

Akamkuta Siti Salha, mjane kijana mwenye macho ya uchovu, anatwanga mizizi. Naye Siti Salha akamwamkia kwa adabu zote zimpasazo mwana wa sultani, kisha akamwambia waziwazi kwamba ikiwa amekuja kuwakaripia wakunga, wamekwisha kukaripiwa, na ikiwa amekuja kusaidia, kipo kinu pembeni ambacho hakijaoshwa tangu enzi za matabibu wa kale. Ghaithi akakunja mikono ya kanzu yake ya hariri, akakiosha kinu kile, na alipokwangua ukoko wa mwisho ukatoka moshi wa buluu, na moshi ukawa jini, kichwa chake kinagusa dari na ndevu zake kama mizizi ya mkoko.

"Labeka, ewe uliyenifungulia," akasema yule jini. "Mimi ni Tarhami, na utumishi wangu ni wako. Niamuru."

Ghaithi akamwamuru amkamate jini mke anayeua wazazi. Tarhami akatikisa kichwa, akasema kwamba hamna jini mwingine katika nyumba ile, na kwamba kurudisha roho si kazi ya kiumbe, ila yeye amepewa uwezo wa kuyaleta yaliyopita mbele ya macho. Akapiga kofi, na pakatanda ndege juu ya ukuta wa uani, ndege mmoja kwa kila mwanamke aliyejifungua humo, mweupe kwa aliyerudi kwake na uzima, na mwekundu kwa aliyekufa, na kila mmoja akaweza kunena yale tu aliyoyaona mwanamke wake.

Ghaithi akapita chini ya ukuta akisikiliza, mara akaitambua sauti ya ndugu yake.

"Nilizaa salama," akasema ndege yule mwekundu. "Nikanywa maji, yakawa machungu. Damu ikaanza, nikaambiwa dawa inakuja. Nikawa natazama mlangoni."

Ghaithi akalia mpaka kilemba chake kikalowa, kisha akainuka na kuamuru kisima kisafishwe, kwa kuwa aliamini kilichoua ni yale maji. Kisima kikasafishwa, maji yakawa matamu, na ndege wekundu wakazidi kuja. Mwezi ulikuwa unakwisha, na Ghaithi akakata tamaa.

Siti Salha akaketi karibu naye. "Sayidi," akasema, "umemsikiliza ndege mmoja kwa sababu ulimpenda. Sasa tuwasikilize wote."

Wakawaamuru ndege wajipange kwa maji waliyoyanywa wanawake wao, na wekundu wakachanganyika na weupe kama mchele na choroko. Wakawapanga kwa mkunga aliyewahudumia, kisha kwa utajiri na ufukara wao, na ikawa vivyo hivyo. Mwisho Siti Salha akawaita wale tu ambao wanawake wao walitokwa na damu nyingi, akawaambia wajipange kwa muda uliopita tangu damu ilipoanza hata dawa ilipofika, na papo hapo wekundu karibu wote wakarukia mwisho wa ukuta, wakarundikana huko kama makaa yaliyofagiwa.

Siti Salha akajifunika uso kwa mtandio. Alikuwa akijua kwamba dawa ya kuzuia damu inachelewa, lakini hakudhani kuchelewa kule ndiko kunakoua, kwa maana wengi wa waliokufa dawa walikwisha kuipata. Na sababu ya kuchelewa ni hii: zamani dawa ile iliibwa, na sultani akaamuru ifungiwe katika hazina ya kasri, na ufunguo akaufunga kiunoni mwake mwenyewe. Aliyeihitaji alituma mjumbe, na mjumbe akangoja sultani amalize baraza, au chakula, au usingizi.

Ghaithi akaingiwa na hofu, kwani ni jambo zito mwana kumwambia baba yake kwamba kinachoua raia kimening'inia kiunoni pake. Hata hivyo akaenda, akapiga magoti mbele ya mawaziri wote.

"Ee maulana, kivuli cha wanyonge," akasema, "nimemtafuta mwuaji wa wanawake wetu, nami sikumwona mwuaji. Nimeona mlango uliofungwa kwa nia njema, na nje yake watu wanangoja. Ufunguo wake unao wewe. Ukinikata ulimi nimekusamehe, lakini kwanza watazame ndege."

Sultani akashika mpini wa jambia. Kisha akaamuru ndege waletwe, nao wakajipanga juu ya kuta za ukumbi, na sultani akatembea kutoka weupe hadi wekundu, na kila alipopita wakamwambia, "Nilingoja." Alipofika mwisho akasimama. Akaufungua ufunguo kiunoni, akamwekea mkononi Siti Salha, aliyekuwa amekuja pamoja na ndege wale.

"Nilidhani nalinda dawa," akasema. "Binti yangu, nifundishe la kufanya."

Amri ya kufunga milango ikatenguliwa, na Siti Salha akaomba aachwe ajaribu kwanza katika bawa moja la nyumba, dawa iwekwe karibu na vitanda chini ya amana ya mkunga wa zamu, ili waone kwanza kama inafaa. Ndege weupe wakaongezeka katika bawa lile, na ndipo jambo likaenezwa nyumba nzima. Hata hivyo wakabaki wekundu kadha wa kadha, nao walipopangwa tena ikadhihirika kwamba ni wanawake wa milimani, waliofika wakiwa taabani kwa mwendo, basi sultani akajenga karibu na lango la Darul-Shifaa nyumba ya kungojea uchungu, na waume wakawaleta wake zao kwa hiari.

Tarhami akaomba uhuru wake, na Ghaithi akampa, ijapokuwa ndege wote wangeondoka naye. Siti Salha hakubabaika. Akaagiza makombe ya pwani yatundikwe ukutani, jeupe kwa kila aliyepona na jekundu kwa kila aliyekufa, mahali ambapo kila mpita njia anaweza kuyaona, na kila Alhamisi matabibu na wakunga na wafagiaji wakaketi mbele ya ukuta ule, wakaulizana kilichotokea, na aliyekosea akasema bila ya kuogopa fimbo.

Sultani akamwoza Ghaithi mke, Siti Salha, na karamu ikaandaliwa ambayo mfano wake haukuonekana. Nyama zilikuwa mezani na ngoma zinalia ilipokuja habari kwamba kombe jekundu limetundikwa asubuhi ile. Bwana harusi na bibi harusi wakatazamana, wakainuka na mavazi yao ya dhahabu, wakaenda kuketi na mkunga aliyekuwa analia, wakamshika mikono na kumwuliza polepole yalikuwaje. Na sultani akawaambia wageni wasile mpaka warudi.

Wakaishi kwa raha na neema, na Tarimbari ikajaa watoto hata mitaa ikawa finyu. Na aliyetusimulia haya alituusia tuyashike: mwenye kutawala asione haya kuhesabu machozi ya watu wake, kwa kuwa chozi lililohesabiwa hujulikana lilikotoka, na likijulikana lilikotoka huzibwa.