Salamu Iliyongojeshwa

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja kati ya mito miwili aliishi mja mwema wa Kiyahudi aitwaye Elkana, aliyenakili Torati kwa kalamu ya mwanzi. Katika sala alimwita Mungu Elohimu, Eli Shadai, Adonai. Lakini lile Jina la herufi nne hakulitamka kamwe; aliliandika tu. Kila alipolifikia alinawa, akasema, "Naandika kwa utakatifu wa Jina," na mpaka herufi ya mwisho hakumjibu mtu, hata angekuwa mfalme.

Siku moja, akiwa katikati ya Jina, liwali mpya aliingia na askari wake, akatoa salamu. Elkana hakuinua kichwa. Liwali akarudia. Kalamu ikaendelea kukwaruza ngozi.

Febronia, jirani Mkristo aliyekuwa amemletea ngozi za kuandikia, akajitupa mbele. "Msamehe, bwana mkubwa! Mzee huyu kiziwi. Mbuzi wangu hulia hapa mlangoni asubuhi nzima, wala hana habari!"

Elkana akamaliza, akaweka kalamu, akasimama. Uongo ule wa huruma ulikuwa mlango ulio wazi. Ilibaki kupita tu.

"Mungu akulipe, mwanangu, kwa kunionea huruma," akasema. "Bwana liwali, masikio yangu ni mazima. Nilikusikia mara zote mbili, ila nilikuwa naandika Jina la Mungu, na katikati yake simjibu mtu. Nawe uwe na amani, mara mbili."

Askari mmoja akacheka. Liwali alipomgeukia, akakimeza kicheko.

"Basi liandike tena," liwali akasema, akichomoa upanga. "Nitakuamkia. Usiponijibu, mkono huo naukata."

"Jina haliandikwi kwa mchezo, bwana. Lakini limo katika mstari unaofuata. Keti. Nitalifikia."

Liwali, ambaye hakuzoea kungojeshwa, akaketi. Elkana akaandika neno baada ya neno, bila haraka, kama aandikavyo siku zote. Alipolifikia Jina akanawa, akasema maneno yake, akashusha kalamu. Ubapa wa upanga ukalala juu ya kiwiko cha mkono wake, baridi.

"Amani kwako, mzee."

Febronia akafumba macho, akimnong'onezea Bwana wake. Herufi zikafuatana, nyeusi, zimenyooka. Elkana akaweka kalamu, lakini mkono hakuuondoa chini ya chuma.

"Nawe uwe na amani."

Liwali akatazama wino ukikauka. "Nyumbani kwangu," akasema hatimaye, "watu hunijibu kabla sijamaliza salamu. Simjui hata mmoja anayenitakia amani kweli." Akarudisha upanga alani, akatoka.

"Baba Elkana," Febronia akafoka, "ungenyamaza tu nikuokoe!"

"Na kesho ningeliandikaje Jina, mwanangu?"

Wapenzi, tusimlaumu Febronia. Hofu yake ilikuwa ya upendo. Tujiulize sisi tu: Jina tulitajalo kila siku, ni mkubwa gani akiingia mlangoni tunaliacha katikati?